Kuoga Ni Kazi Yangu

Leo siku ya pili, mwezi wa sita. Baridi inauma, na mi nimekasirika tangu asubuhi. Asiyetaka kusoma hasira ya mama muzee apite.

Hapa kwenye nyumba ya bazee, Kolwezi, sheria ni moja: muzee haogi peke yake. Ati tutaanguka. Mbele ya leo alikuwa ananiogesha Mama Kapinga, mwanamuke mwenzangu. Nilivumilia, lakini nilivumilia vibaya. Nilizaa batoto saba, nikabaogesha bote, leo ni mi ninayeinuliwa mukono kama kitoto.

Sasa Mama Kapinga ameenda kwenye kilio, matanga ya ndugu, kule Fungurume. Directrice, mwanamuke anayetuongoza, akamutuma infirmier mupya, muuguzi mwanaume.

Tata Ilunga.

Huyo ndiye aliyeoa Odette, mutoto wa dada yangu. Kwetu mutoto wa dada ni mutoto wako, kwa hiyo huyo ni muko wangu. Muko hali chakula mbele ya mama-mukwe wake, hata njiani anapita pembeni. Na directrice anamupa sabuni aje kunivua nguo.

Ilunga mwenyewe naye alichukua liste ya bazee ba kuogesha bila kusoma majina. Aliponiona, aligeuka akaangalia ukuta, beseni mukononi.

Directrice akafika mbio. Akasema hapa hakuna mambo ya buko, ya kuheshimu bakwe, kuna bagonjwa na kazi.

Mi si mugonjwa. Nimezeeka tu.

Tata Ilunga akamujibu, uso bado ukutani: "Madame, nifukuze. Ule ni mama. Siingii."

"Na mi siogeshwi tena na mutu," nikasema. "Weka maji chini, baba, uende."

Directrice alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema nikivunjika, familia yangu itamulaumu yeye. Nikamuambia mufupa ni wangu, familia ni yangu, na yeye hata jina langu hulikosea. Nikakokota beseni ndani ya chumba cha kuogea, nikaegemeza kiti kwenye mulango, nikakaa juu yake.

Nitasema kweli: niliogopa. Niliosha polepole, nimeketi, mupaka maji yakapoa. Hakuna aliyeniharakisha.

Directrice ameapa kesho ataondoa kile kiti. Akiondoe. Nitakaa chini.

Kuna mahali pa mugongo mukono haukufika. Pabaki na vumbi lake. Ni mugongo wangu.