Seli Kumi na Nne za Mzee

Jumatatu, 9 Juni
Zimekufa. Nimehesabu kwa hadubini mara mbili — katika kila seli kumi, saba zimekufa. Sampuli ilikaa mapokezi saa tatu nzima, eti lifti mbovu! Kipande cha ini, chenye saratani iliyosafiri kutoka pafuni, na sasa hakifai. Mashine yetu husoma seli mojamoja, lakini zikiwa hai. Profesa hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema tumebakiwa na nafasi moja, mgonjwa akikubali kuchomwa sindano ya ini tena.
Mgonjwa ni fundi cherehani, miaka sitini na kitu. Nitakwenda mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni
Wodini. Nimemweleza Mzee ukweli: kipande cha ini kimetuharibikia; cha pafu tulikisoma mwaka jana, kabla hajaanza dawa. Tunataka kukilinganisha na kipya cha ini, tujue seli zipi zilihama na kwa nini dawa haikuziweza.
"Itanisaidia mimi?"
"Hapana, Mzee. Pengine watakaokuja."
Mkewe kageukia dirishani. Kasema mumewe si kitambaa cha kujifunzia kukata. Mzee kacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, cha kwanza mmeniharibia. Cha pili usitume mtu. Kipokee wewe."
Akatia sahihi. Mama hakuniaga.

Alhamisi, 12 Juni
Tangu saa mbili asubuhi nimesimama nje ya chumba cha sindano. Nikakipokea, kwenye barafu — ngazi, ghorofa nne, mbio, viatu mkononi! Dakika kumi na moja.
Hai tisa katika kumi!!

Jumatano, 25 Juni
Majibu. Seli elfu sita, kila moja nukta kwenye kompyuta. Kundi moja la kwenye ini halifanani na mengine: haligawanyiki, limetulia tuli. Na dawa hupiga seli zinazogawanyika. Nikarudi kwenye majibu ya pafu. Zile tulivu zimo! Kumi na nne tu, kabla hata ya dawa. Tungezipima seli zote kwa pamoja, tusingeziona kamwe. Profesa: mgonjwa mmoja si ushahidi, tafuta wengine ishirini. Sawa. Nitawatafuta.
Lakini kwanza wodini. Mzee amekonda, sauti imebaki upepo. Nikafungua kompyuta kitandani. Kavaa miwani, kaweka kidole.
"Hizi?"
"Hizo."
Kisha Mama akavuta kiti, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hizo zilizolala, zinaamshwa na nini?"
Nikamwambia sijui.
"Basi kesho rudi uniambie bado hujui. Lakini rudi."