Chupa Iliyoachwa Dirishani

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi ni mzima wa mwili.

Uliuliza kuhusu kazi ya maabara. Tuna unga mweupe wenye metali iitwayo zirkoni, kitendanishi cha kugeuza kemikali moja kuwa nyingine. Una maringo kuliko bibi harusi: hautaki mwanga, unyevu wala hewa. Ukiachwa kwenye mwanga hufa, na baadaye huwezi kuutambua kwa macho.

Tangu Desemba majaribio ya mwenzangu wa meza ya pili hayatoi kitu. Profesa alimwambia mbele yetu, "Mikono hiyo ni ya kuosha vyombo!" Akishindwa mwezi huu, ataondolewa masomoni.

Mama, chupa anayotumia niliiacha mimi dirishani, bila karatasi yake ya kuzuia mwanga, siku mbili nzima. Niliifunga tena, nikairudisha kabatini, nikanyamaza. Mimi nikajifungulia mpya.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linanichagulia ngazi za kupanda. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nikiwa nimesimama.

Nimekuwa mkunga miaka thelathini. Wengine husikia tu kwamba mficha uchi hazai, mimi nimeyaona. Kusahau karatasi ni kosa la yeyote. Kujifungulia chupa mpya na kumwachia mwenzako iliyokufa ni kosa lako peke yako. Nenda kwa profesa kabla mwezi haujaisha.

Mama, akupendaye bila kukupongeza

27 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu, na kesho mwezi unakwisha. Kama umesema, niandikie hata mstari mmoja. Kama hujasema, usiniulize habari za goti.

Mama

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilisema siku ya mwisho, saa nne asubuhi, mwenzangu akiwa tayari anafungasha madaftari yake. Profesa alikwenda kabatini, akampa mwenzangu chupa mpya. Jaribio lilikubali mara ya kwanza.

Mimi nimeondolewa kwenye utafiti ule. Mwaka wangu mmoja umepotea, naanza upya.

Nilimwomba mwenzangu radhi. Akasema, "Miezi mitatu nimejiona mjinga, dada." Akageukia meza yake.

Jana nilikuwa nimebeba trei ya chupa kwa mikono miwili. Alinifungulia mlango, macho yake yakiwa sakafuni, akaushikilia mpaka nikapita.

Mwanao