Shahada Uliyoitaka, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo nikaweka kalamu chini, kama vile nasubiri uitikie.

Nimekuja likizo. Nimekaa kibarazani nje ya jiko, pale ulipozoea kumenyea ndizi, na Baba yuko kule chini ya kihamba, kwenye migomba yetu, anakata majani ya ng'ombe. Amekonda kidogo lakini hali yake ni nzuri. Siku hizi anapika mwenyewe. Mtori wake wa ndizi ni mzito mno na chumvi anaisahau, lakini anakula wote na hataki mtu amsaidie. Mbuni ule wa kahawa uliokuwa umekauka nusu, ambao wewe ulikuwa unasema ung'olewe, hajaung'oa. Anasema wewe ulisema ung'olewe, lakini hukusema lini.

Mama, kuna jambo moja watu wa hapa nyumbani wanalielewa vibaya, nami nimewaacha waendelee hivyohivyo. Wanasema nimetimiza neno lako. Krismasi iliyopita mzee wa kanisa alinisimamisha mbele ya usharika wote, akasema, huyu ndiye binti aliyefuata shauri la mama yake hata baada ya mama kuondoka. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikiangalia viatu vyangu.

Unakumbuka tulipoishia. Chuo kikuu cha Dar kilikuwa na shahada ya filamu ya kusoma: historia yake, nadharia zake, namna ya kuzichambua na kuziandikia. Chuo cha Arusha kilikuwa na shahada ya vitendo: kamera, taa, sauti, kuongoza waigizaji, kuhariri. Mimi nilitaka Arusha. Nilikuwa nimeshafanya kazi na kaka Fredi, yule mpiga video wa harusi pale Moshi mjini, na nilijua mikono yangu inataka nini. Wewe ulitaka Dar. Ulisema, "Kamera huharibika, Aika. Kilicho kichwani hakiharibiki." Nikakuambia mwongozaji hafundishwi kwa vitabu. Ukasema kama ni hivyo, basi hata fundi cherehani ni mwongozaji. Tulicheka, lakini hakuna aliyelegeza.

Halafu presha yako ikapanda, wakakupeleka hospitali. Ulipokuwa unapanda gari uliniambia, "Tutalimaliza nikirudi." Nikaitikia. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukushinda nayo, Mama. Nilikuwa nayapanga hata wakati nakukunjia kanga za kwenda nazo wodini.

Kwenye mazishi ulikuwepo lakini hukuyaona, kwa hiyo nikusimulie.

Baba mdogo alimwita kaka Fredi aje kuchukua video, kama inavyofanyika kwa kila mtu siku hizi. Watu walikuwa wengi. Wenzako wa soko la Himo walikuja na lori zima, wakiwa na vitenge vyao vya sare, na kwaya yako iliimba hadi mwalimu wa kwaya akashindwa kuendelea. Kaburi lilichimbwa pale kwenye migomba, karibu na Babu. Jeneza lilipofikishwa, nikaona kaka Fredi amesimama vibaya. Jua lilikuwa linamwingia moja kwa moja kwenye lenzi. Angepata vivuli vyeusi tu, watu wasio na nyuso.

Nilikuwa nimesimama na Baba. Nikamwachia mkono. Nikazunguka kaburi, nikaichukua kamera mikononi mwa kaka Fredi bila kumwambia neno, nikasogea upande wa pili, kwenye mwanga.

Nikakuchukua wakati unashuka, Mama. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Watu wote walikuwa wanalia na mimi nilikuwa nawaza kama nisogee karibu au nibaki palepale. Nikaona mikono ya waliokuwa wanashusha kamba. Nikaona kandambili ya mtu imekwama kwenye udongo. Kisha nikapandisha kamera kwa Baba. Baba akaniangalia. Hakuiangalia kamera, aliniangalia mimi kupitia kamera, akakaa hivyohivyo kwa muda, midomo imefunguka kidogo. Sikuishusha. Niliwaza, hii ndiyo picha.

Wakaita watoto waje kuweka udongo. Nilisikia jina langu. Nikaendelea kupiga.

Jioni ile, wakati watu wanakula, shangazi Ndeshi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya wote, "Mama yake anashushwa, yeye anatafuta picha." Hakuna aliyenitetea. Baba alikuwepo. Nikaenda kuosha masufuria.

Matanga yalipokwisha barua za vyuo zikaanza kuja. Dar walinikubali moja kwa moja kwa matokeo ya shule. Arusha wakasema niende kwenye usaili na filamu fupi niliyoitengeneza mwenyewe. Nami, Mama, sikuwa na filamu. Nilikuwa na vipande vya harusi za watu, keki na maharusi wanaoingia ukumbini. Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho, ambacho ni changu na ni kizuri, kilikuwa wewe unashuka kaburini.

Nilienda kwa kaka Fredi nikachukua picha zile. Nikakaa dukani kwake nikazihariri. Sauti ya kwaya nikaipunguza mpaka yakabaki majani ya migomba na koleo. Niliifanya vizuri. Nakuambia ukweli, nilipoimaliza nilifurahi. Nilisimama nikaenda kununua soda.

Kule Arusha walikuwa walimu watatu. Waliitazama filamu yangu ukutani. Ilipokwisha, wawili walianza kuniuliza mambo ya mwanga na jinsi nilivyokata, na nilijibu yote. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, akaomba irudishwe mpaka kwenye uso wa Baba. Akaisimamisha pale.

"Huyu mzee ni nani?"

"Baba yangu."

"Hapa anakuangalia. Anataka nini?"

Nikasema sijui. Akauliza kama niliwahi kumwuliza. Nikasema hapana. Hakunigombeza. Aliitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyepata jibu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na kabla sijatoka wakaniambia nimepata nafasi.

Ndoto yangu yote ilikuwa ile, Mama. Nilitoka pale sina furaha hata ya kumpigia mtu simu. Gari la kurudi nyumbani liliposimama Kwa Sadala, abiria wakashuka kununua ndizi na mahindi, mimi nikabaki nimekaa, naona ule uso wa Baba umesimamishwa ukutani mbele ya watu asiowajua, na mimi ndiye niliyeupeleka.

Kesho yake asubuhi nilikata jani la sale, lile la kuombea msamaha, kule mpakani mwa kihamba. Nililifunga fundo kama ulivyonionyesha siku ile baba mdogo na Baba walipogombania maji ya mfereji. Nikamfuata Baba zizini. Alikuwa anakamua. Aliponiona na lile jani akaacha, akaweka ndoo pembeni, maana mtu akikuletea sale huwezi kumwambia subiri.

Nilimweleza yote. Kwamba nilimpiga picha akiwa kwenye uchungu wake bila kumwomba. Kwamba niliipeleka Arusha. Kwamba watu wameitazama, na mwalimu mmoja akaniuliza yeye pale anataka nini. Nilidhani atakasirika. Yeye akashika jani, akaligeuzageuza, akauliza jambo moja tu, kama huyo mwalimu alikuwa mtu wa huku kwetu. Nikasema sijui. Akasema ana akili.

Halafu ndipo nikamwuliza. "Baba, pale ulipokuwa unaniangalia, ulikuwa unataka nini?"

Ng'ombe alikuwa anapiga mkia.

"Nilikuwa nataka urudi unishike mkono," akasema. "Nilikuwa naona naanguka."

Nilikuwa nimeitazama picha ile labda mara mia wakati nahariri. Nilijua kila kivuli kilichopo kwenye uso wake. Nilijua niikate wapi. Sikuona kwamba mtu anaomba mkono.

Alilipokea sale. Akasema yamekwisha. Kisha akaomba aione hiyo filamu. Tukavuta mapazia ya sebuleni mchana ule, nikaweka kompyuta juu ya stuli, tukaitazama wawili. Ulipoanza kushuka alivua kofia. Ilipofika kwenye uso wake alisema, "Hapo," basi. Ilipokwisha aliniambia nisiifute, kwa sababu siku ile machozi yalimziba na hakukuona unavyoondoka, sasa amekuona. Ila nisiwaonyeshe watu wengine tena.

Niliwaandikia Arusha nikawaomba waifute filamu yangu. Nilidhani nafasi itakwenda nayo. Wakajibu kwamba wameifuta, na nafasi bado ni yangu. Kwa hiyo usifikiri nilikosa pa kwenda. Milango ilikuwa miwili na yote iko wazi, na kwa mara ya kwanza sikujua nataka upi.

Nilifikiri hivi. Arusha wangenifundisha kushika kamera vizuri zaidi. Lakini mikono yangu ilikuwa tayari inashika vizuri, na ndiyo iliyoniogopesha. Nilichokuwa sikijui ni kile ulichokuwa unaniuliza wewe kila tulipotazama filamu pamoja. Ulikuwa unakwenda kugeuza ndizi jikoni, ukirudi unataka nikusimulie ulichokosa, na mimi nikikueleza gari lilivyolipuka unanikatiza: "Hilo nimesikia. Kwa nini alimwacha mke wake?" Nilikuwa naona unaniharibia. Kumbe mimi nilikuwa nakusimulia moshi.

Nikachagua Dar.

Sasa unaona nilivyonaswa. Siku nilipotangaza, shangazi Ndeshi, yuleyule, alinikumbatia akalia. Akasema nimekuheshimu. Majirani wakaja na maziwa na mayai. Kila mtu alikuwa na jambo lako la kukumbuka, jinsi ulivyokuwa unasema Aika atakuwa na digrii. Nami nikayapokea, maana baada ya yale maneno ya siku ya mazishi nilikuwa na njaa ya kusifiwa. Nikaacha ionekane kwamba nimeinama mbele ya neno lako.

Sikuinama, Mama. Ungekuwa hai ningekushinda. Ungerudi kutoka hospitali, tungekaa hapa kibarazani, ningekupiga na maneno yangu niliyoyapanga, ungenuna, ungeniombea, na mimi ningekwenda Arusha. Najijua. Ilibidi ufe ndipo nione ulichokuwa unakisema, na hata nilipokiona sikukiona kwako, nilikiona kwenye uso wa Baba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Si kwamba nilikukataa. Ni kwamba nimekukubali wakati ambao huwezi tena kufurahia, na sifa nimezila peke yangu.

Na usidhani kila siku nasoma kwa moyo. Kuna siku kule Dar nasoma kurasa nyingi za mtu anayeeleza kivuli ni nini, na ninatamani kutupa kitabu nje ya dirisha. Wenzangu waliokwenda Arusha wanatuma picha wako porini na kamera, wamechafuka vumbi, wanacheka. Nawaonea wivu mpaka nafunga simu. Lakini kuna siku nyingine mhadhiri anauliza swali, ukumbi mzima unakaa kimya, na mimi nakuwa na kitu cha kusema. Muhula uliopita aliuliza mwongozaji ana deni gani kwa mtu anayempiga picha. Nilisimama nikasimulia habari ya mzee mmoja aliyekuwa anaomba mkono. Sikusema ni baba yangu. Nilipokaa, dada aliyekuwa jirani yangu alinipa leso, kwa hiyo nadhani alijua.

Jana nilikwenda kwa shangazi Ndeshi. Nilimkuta anaanika kahawa. Nilimwambia kwamba zile sifa si zangu, kwamba sikwenda Dar kwa sababu ya Mama. Nikamweleza sababu yenyewe. Alisikiliza huku anachambua punje mbovu, hakuinua uso. Nilipomaliza alisema, "Mama yako alikuwa mtu wa kupenda kushinda. Hata angeshinda kwa sababu nyingine, angehesabu ni ushindi." Kisha akasema na yeye ana neno lake. Siku ile ya udongo hakupaswa kusema vile mbele ya watu. Alikuwa na hasira kwa sababu yeye alikuwa amelia mpaka hakuona kitu, na mimi nilikuwa naona.

Nilicheka njia nzima, nikafika nyumbani nalia. Lakini halijaisha, Mama. Nimepunguziwa mzigo kwa watu, kwako bado ninao. Ndiyo maana nimeandika.

Nitaimaliza shahada hii. Nikiimaliza nitakwenda kugonga mlango wa Arusha, na wakiniona nimekuwa mtu mzima mno watanifundisha hivyohivyo. Kuwa mwongozaji bado ninataka, hilo hukulitoa na hukutaka kulitoa. Ila mtu nitakayemwelekezea kamera nitamwuliza kwanza, na akiniangalia kama Baba alivyoniangalia, nitaiweka chini hata kama ndiyo picha bora ya maisha yangu.

Nikuage na jambo moja. Kanisani Baba bado anaacha nafasi yako kwenye benchi lenu, upande wa dirisha. Anaweka kitabu chake cha nyimbo katikati kama vile umetoka mara moja. Kila nikija likizo nakaa nyuma na vijana, kwa aibu. Jumapili hii nitakwenda mbele, nitakiinua kile kitabu, nitakaa pale. Nisamehe nitakapokuwa nimekalia mahali pako. Na ibada yote sitamwachia mkono.

Lala salama, Mama.

Mwanao,
Aika