Kimo cha Kawaida

Kuze, Mvita
9 Mfungo Saba (20 Februari 1948)

Mwanangu Athmani,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi, na baada ya salamu nakuuliza hali. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto, nalo ni bovu tangu hujazaliwa. Mamako ni mzima.

Kule Mbaraki kumefunguliwa kiwanda cha mbao. Nilikwenda kukitazama kwa macho yangu. Msumeno wake ni duara na huzungushwa na mtambo. Gogo ambalo mimi na Kombe wa karakanani tungelipasua kwa siku mbili, wao hulimaliza kabla kahawa haijapoa. Mlango ukitoka pale hauna ua hata moja, mtupu kama kifuniko cha sanduku, na watu wananunua! Tangu Mfungo Tano, miezi miwili sasa, sijaletewa kazi ya mlango.

Sasa sikiliza. Wazee wa mji wanajenga skuli mpya ya wasichana, nao wanataka meza thelathini za kusomea. Nilimwendea karani wa kamati. Akaniambia, "Fundi, lete ramani kwanza, tuone vipimo kwa inchi." Nikamwambia nimechonga nusu ya milango ya mtaa huu na sijapata kuchora hata mstari. Akasema Mbaraki wameshaleta ramani yao.

Wewe uliniacha mwaka juzi ukaenda kusomea kuchora. Haya, nichoree. Nikizipata meza hizi, karakana itasimama imara, nawe utamaliza mwaka mmoja na nusu uliobaki. Nikizikosa, urudi ushike tezo, maana mimi na Kombe peke yetu hatuwezi kushindana na mtambo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mamako naye asema urudi. Kila nikishika kalamu huniambia hivyo.

Babako,
Kamaludin


Skuli ya Ufundi, Nairobi
14 Machi 1948

Kwa baba yangu mpenzi,

Nabusu mkono wako na wa mama. Nimefurahi kusikia mko wazima, na goti nalo Mwenyezi Mungu aliponye. Mimi sijambo. Baridi ya huku hutia vidole ganzi, lakini tukianza kazi husahau.

Baba, ulipokuwa ukinifundisha hukunieleza kitu. Ulisema "tazama", nikatazama miaka sita. Huku walinipa kipande cha chuma na tupa, nikakisugua miezi miwili mpaka kikawa sawa pande zote, na kila siku mwalimu alinieleza kwa nini hakijawa sawa. Nilitamani kukitupa mtoni. Siku kilipokubali nilijisikia kama siku ile uliponiachia patasi yako kwa mara ya kwanza.

Ramani nimeifunga humu. Nimechora uso wa meza, mahali pa wino, na maungio yote, kila kitu kwa inchi. Usipime kwa mkono wako, tafadhali. Dhiraa yako na dhiraa ya Kombe si moja, yeye ni mrefu. Nimekukatia utepe wa karatasi wenye inchi kumi na mbili, ufuate huo. Kimo ni kile cha kawaida, hakina haja ya kuandikwa.

Mwambie mama nimeyasikia maneno yake. Nitarudi, lakini nikiwa nimemaliza. Hilo naomba anisamehe.

Mwanao,
Athmani


Kuze, Mvita
15 Rajab (24 Mei 1948)

Mwanangu Athmani,

Ama baada ya salamu na kukujulia hali, nina habari njema na nimeketi vizuri ili niiandike bila haraka. Tumepata kazi! Karani aliitazama ramani yako, akaigeuza, akaitazama tena, akasema, "Huyu mwanao ana mkono." Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu ili nikutane na watu niwaambie.

Meza zote thelathini ziko tayari, za mvule mtupu. Nimefuata utepe wako mpaka umechakaa. Kimo nimetia kile cha kawaida kama ulivyosema, shibiri moja na vidole vinne, kama za chuoni kwetu tulikosomea Kur'ani. Kombe akaniuliza, "Fundi, hizi si fupi?" Kombe, unajua, alisomea misheni kule Rabai, na watu wa misheni husoma wakiwa wamekaa juu kama kuku. Nikamwambia meza ndefu ni ya karani, maana yeye hupokea watu. Msomaji hukaa mkekani, akakunja miguu, elimu ikamwingia. Akarudi kwenye randa yake.

Jumamosi tunazipeleka. Baada ya hapo, wacha Mbaraki wapige kelele na mtambo wao.

Mamako akusalimu sana. Asema bado angependa urudi.

Babako,
Kamaludin


Skuli ya Ufundi, Nairobi
29 Mei 1948

Baba yangu,

Nabusu mkono wako. Barua yako nimeipata leo, na leo ni Jumamosi. Naandika nikijua nimechelewa.

Usizipeleke, baba. Skuli hizi watoto hukaa kwenye mabenchi. Kimo ni inchi ishirini na nane. Kosa ni langu mimi, si lako. Miaka miwili nimekaa juu ya benchi nikasahau kuwa mkeka upo. Nilidhani kawaida yangu ndiyo kawaida ya kila mtu.

Tafadhali niandikie upesi.

Mwanao,
Athmani


Skuli ya Ufundi, Nairobi
14 Agosti 1948

Kwa baba yangu,

Nabusu mkono wako na wa mama, na nawapa mkono wa Idi, japo imepita wiki. Nimengoja barua mwezi wa Juni wote. Ramadhani imeingia na kutoka sijapata hata salamu. Sijui kama mko wazima, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Juzi nilikutana na Faraj, yule jirani yetu anayefanya kazi kwenye gari la moshi. Alinieleza. Amesema meza zilirudishwa siku ileile kwa mkokoteni, mchana kweupe, zikapita Kuze kichochoro kwa kichochoro, na watu wakauliza kama fundi Kamaludin ametengeneza vigoda vya mbuzi za kukunia nazi. Amesema ulitembea nyuma ya mkokoteni mpaka nyumbani.

Baba, usiku nikifumba macho naona mgongo wako.

Nimemwambia mwalimu wangu kuwa naondoka. Alinisihi sana, nikakataa. Nitapanda gari la Jumanne, tarehe thelathini na moja. Aibu niliyoileta nitaifuta kwa mikono yangu, nitapasua magogo mpaka urudishiwe sifa yako. Mama naye atapata alichokitaka. Kila barua amesema nirudi, nami kila barua nimemkaidi.

Mwanao,
Athmani


Kuze, Mvita
18 Mfungo Mosi (24 Agosti 1948)

Mwanangu Athmani,

Salamu, na usinikasirikie. Sote ni wazima. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, kwanza nawe, kisha na Kombe aliyesema kweli, kisha na mimi mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyochukua muda.

Faraj amesema kweli. Karani alinionyesha mabenchi yamepangwa, akaweka meza yangu mbele ya benchi moja, ikafika magotini. Hakucheka, na afadhali angecheka. Kombe akashauri tuunge miguu. Nikakataa. Mguu ulioungwa ni mguu wa mgonjwa, sitoi kitu hicho karakanani mwangu. Nikazirundika meza ukumbini, zikafika dari, nikalala siku tatu nikiangalia ukuta.

Siku ya nne nikaona meza moja imeshushwa. Mamako ameketi mkekani mbele yake, mikono juu, kama bibi harusi. Akaniambia, "Yanitosha hii. Yanitosha sawasawa. Hizi n'za nani, Kamaludin? Au zitakaa hapa zishike vumbi?"

Wajua mamako alikhitimu. Husoma Kur'ani kunipita mimi. Lakini babu yako mzaa mama alimfunza kusoma, hakumfunza kuandika. Ndivyo binti walivyolelewa, eti kalamu humpa mwanamke maneno ya kuwapelekea wanaume. Nami nilipomwoa sikuona kama amepungukiwa. Nilipomwona amekaa kwenye meza ile ndipo nilipoona haya, na naandika neno hilo kwa sababu ni kweli.

Basi akamwita Nana wa nyumba ya pili, Nana akamwita Tumu, na kabla ya Ramadhani wakawa kumi na wanane. Kombe ana dada, Loise, mwalimu wa misheni. Alikubali kuja kila siku baada ya adhuhuri. Siku ya kwanza baadhi ya wanawake walinong'ona, mwalimu Mkristo nyumbani kwetu? Mamako akasema, "Simfunzi yeye dini, wala yeye hanifunzi. Nimemwita kwa herufi." Wakakaa.

Mimi hufukuzwa. Wanawake wa watu wamo ndani, siwezi kuingia hata kuchukua kofia. Hukaa barazani mimi na Kombe, na dirisha liko juu ya kichwa changu. Huwasikia wakiimba, "Inchi kumi na mbili ni futi moja, futi tatu ni yadi." Wiki ya kwanza nilijifanya nasinzia. Wiki ya pili nikaomba kipande cha makaa na ubao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa unaisha nilichora ramani kwa mkono wangu. Nimetia kimo. Nimetia kimo pande zote nne ili mtu asiniulize. Nilitengeneza meza moja ndefu nikaibeba mwenyewe mpaka kwa karani, goti bovu na yote. Mbaraki wamepewa nusu ya kazi. Nusu ya pili, kumi na tano, ni yetu. Kumi tumeshazimaliza. Karani amepitisha mkono juu ya maungio yangu, kisha ya Mbaraki, nami nimemwona akirudi kupitisha tena kwenye yangu.

Juu ya kurudi kwako, mimi nimesema yangu miaka miwili, na nimeyasema kwa sauti mbili. Zamu hii sisemi. Nimemwambia mamako aandike mwenyewe. Ameandika kwa herufi za Kizungu, za skuli yenu, amekunja karatasi, ameibandika kwa uji wa ngano, na amekataa niione. Nimeitia humu kama alivyonipa. Faraj ameniahidi itakufikia kabla ya Jumanne.

Babako,
Kamaludin


Athmani mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Huu ni mkono wangu. Barua hii nimeanza Jumatano na leo ni Jumanne.

Babako alinisomea barua yako. Alipofika pale unaposema mama kila barua anataka nirudi, alikohoa sana, akaruka mstari. Nikamwambia, rudi pale. Akarudi.

Sikusema urudi. Hata siku moja. Kila aliposhika kalamu nilimwambia, mwandikie amalize. Yeye aliandika lake, alikuwa na hamu nawe. Mimi sikuwa na kalamu.

Sasa ninayo.

Maliza.

Mamako,
Mwanabaraka