Kesi ya Mwanaidi, Jirani Yangu

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Rombo? Mimi mwili ni mzima, upweke tu ndio unanisumbua.

Kesi ya Mwanaidi, yule jirani niliyekuambia kwenye simu kwamba amemuua mumewe, imekwisha. Alimpiga mchi kichwani, mume amekaa kitako anakula. Hapo ndipo wakili wa serikali aliposhikilia: saa ile hakuwa anapigwa, kwa hiyo aliua kwa kukusudia.

Wakili wa Mwanaidi aliniomba nikatoe ushahidi, kwa kuwa vyumba vyetu vinapakana. Mwenye nyumba akanionya nisijiingize, maana dada wa marehemu anaishi chumba cha mbele. Nikaenda. Nikaeleza vipigo nilivyokuwa nasikia, na jinsi Mwanaidi alivyokuwa akija kwangu akaomba ruhusa hata ya kunywa maji. Daktari wa magonjwa ya akili akasema mtu aliyepigwa miaka mingi, akili yake hubaki kwenye kipigo hata kama hakuna aliyemgusa. Siku ile mume alisukuma sahani tu, akanyamaza. Mwanaidi aliijua dalili hiyo.

Wakili wa serikali akaniuliza, "Kama ni hivyo, kwa nini hakuondoka?"

Nikamjibu, "Aliondoka, mheshimiwa. Kila mara ndugu zake walimrudisha."

Jaji akasema ameua bila kukusudia. Amefungwa, lakini hatanyongwa, Mama. Hakulia. Aligeuka tu akanitafuta kwa macho.

Tangu siku hiyo nyumba nzima hawaitikii salamu yangu. Nguo nikianika uani, nazikuta chini. Siku za kazi nina nafuu, dukani kelele za wapagazi na wateja wa vitenge zinanisahaulisha. Jumapili ndiyo ngumu. Nikitoka kanisani napika, nakula peke yangu, wenzangu nawasikia wanacheka koridoni.

Nisalimie Baba, na kaka mkubwa anayewatunzia ng'ombe. Dada Felista mwambie taratibu, mumewe asisikie: akitaka kuja huku, aje na watoto. Chumba ni kidogo, tutabanana. Na akikimbilia kwako kwanza, Mama, nakuomba sana, usimrudishe.

Mwanao anayekukumbuka,
Anjela