Chungu Kilichokataa Kufurika

Kilburn, London
20 Januari 1976

Bibi yangu mpenzi,

Nashika miguu yako. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepoa. Sisi huku hatujambo. Baba bado anapika hospitalini, na baridi ameizoea kuliko mimi. Shule nilimaliza Julai, kama alivyokuandikia, lakini kazi sijapata. Mara mbili nimeitwa kuhojiwa, na mara zote mbili nilijibu kwa sauti ndogo hata wakanitaka nirudie, na nilipotaka kurudia nikawa nimesahau nilichosema. Kwa sasa nawasaidia kazi za nyumbani wenye nyumba wetu wa hapa chini.

Mwenye nyumba ni Hemant, Mhindi wa Tanga. Kiswahili chake kinanishinda mimi, na ameniita Bi Kimya tangu siku ya kwanza. Mkewe Kalpana ni muuguzi. Yeye ni Mtamili, kwao ni kusini kabisa ya India, kijiji cha wakulima wa mpunga. Ana mimba ya miezi sita. Mbili za mwanzo ziliharibika, ndiyo maana Novemba walimleta mama yake, Bi Valliammai, amwangalie hadi ajifungue.

Bi Valliammai hajui Kiingereza. Alikuwa akishinda jikoni na shali mbili mabegani, akisema nyumba hii haina ua, haina ng'ombe, na jua lenyewe la kuazima. Alitaka kurudi kwao. Kalpana alimsihi sana. Mwishowe wakakubaliana wangoje sikukuu yao ya mavuno, Pongal. Siku hiyo asubuhi huchemshwa maziwa katika chungu kipya, na lazima yafurike yamwagike, wote wapige kelele za furaha, ndipo utiwe mchele. Yakifurika, mwaka una neema. Bi Valliammai akasema yakifurika atabaki. Yasipofurika, basi nyumba imemkataa, na yeye ataondoka.

Siku za kuingojea alichangamka. Tukichagua mchele alisimulia, na Kalpana akinitafsiria kwa Kiingereza. Kwao siku ya pili ya sikukuu ni ya ng'ombe. Huogeshwa, hupakwa rangi kwenye pembe, nyekundu na buluu, na kuvikwa maua, kwa kuwa ndio waliolima. Kisha watu hutembeleana, na mbele ya hekalu huwa na gulio kubwa: bangili za kioo, farasi wa udongo, miwa, na pembea za mbao zinazosukumwa na wanaume wawili. Aliwahi kuanguka kwenye pembea hizo akiwa mdogo akavunjika jino. Alifungua kinywa akatuonyesha.

Nami nikamweleza sikukuu yetu ya Mwaka huko Makunduchi, jinsi wanaume wanavyochapana kwa mabua ya migomba. Akauliza kama wanaumizana. Nikasema si sana. Akasema basi hao wanacheza, kwao wanaume humrukia fahali kwenye nundu. Hemant akasema heri Tanga, watu wana akili, siku ya sikukuu wanalala. Kalpana akamwambia yeye hulala hata siku isiyo ya sikukuu.

Siku yenyewe ikafika. Bi Valliammai alitoka na shali zake akachora maua kwa unga wa mchele mbele ya mlango, kwenye saruji yenye barafu. Kalpana alikuwa anaoga, na Hemant anafunga muwa dirishani. Mimi niliachwa jikoni na chungu, kimefungwa majani mabichi ya mmea wa manjano shingoni. Niliambiwa niite maziwa yakianza kupanda.

Walipoingia wote, maziwa yalikuwa yanachemka chini ya ukingo. Wakangoja. Yalichemka tu, hayakufika juu. Bi Valliammai akatia mchele. Tulipomaliza kula alivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, na Kalpana akakaa kwenye ngazi na sare yake ya kazi, mkono tumboni, akilia.

Bibi, chungu hakikukataa. Maziwa yalipanda mapema, hata kabla ya wao kuingia. Niliyaona yanaumuka, nami badala ya kuita nikapunguza moto, nikateka vikombe vitatu nikavitia katika jagi. Mkono ulifanya kabla ya akili. Wewe ulinifundisha kwamba maziwa yakimwagika, mwenye jiko amelala. Akili iliporudi, nikasikia hatua zao. Nikakoleza moto upesi, nikalificha jagi nyuma ya kopo la majani ya chai, na ulimi ukaniganda.

Nilipomwona Kalpana analia pale ngazini, nilimfuata Hemant, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kingeniua. Akataka kuliona hilo jagi. Alipoliona alicheka hadi akakaa sakafuni, akasema siku Bi Kimya aliyofanya jambo ndiyo hii. Kisha akamweleza mkewe kwa Kiingereza, na mkewe akamweleza mama kwa Kitamili. Nilisimama nikingoja lugha tatu zimalize kunisema. Bi Valliammai aliutazama utando juu ya maziwa, akauliza ni nani aliyenifunza. Nikasema Bibi yangu. Akasema mwanamke huyo hajapoteza tone maishani mwake, na kesho tutachemsha tena.

Kesho yake ilikuwa siku ya ng'ombe. Kwa kuwa ng'ombe hatuna, alimngoja Tom, anayeleta maziwa na kigari chake cha umeme. Alikipaka kigari manjano mbele, akamvisha Tom shada la maua. Tom akauliza ni nani aliyekufa. Alipoelezwa yeye ni ng'ombe wetu, akasema ameitwa mabaya zaidi mtaa huu, akaenda zake na shada shingoni.

Kisha nikapewa mimi kulinda chungu. Bi Valliammai aliishika mikono yangu akaifunga nyuma yangu kwa shali yake. Maziwa yakapanda, yakavuka ukingo, yakazima moto. Nikaita kwa sauti ambayo Baba aliisikia ghorofani.

Sanduku limerudi chini ya kitanda. Atabaki hadi mtoto azaliwe, inshallah.

Kwa hiyo, Bibi, nimeyatazama maziwa yanamwagika nami sikulala. Nisamehe. Jiko nilisafisha mwenyewe.

Baba anakuamkia. Nisalimie wote wa nyumbani na majirani, na aliyekusomea mpe ahsante yangu. Niombee kazi.

Ni mimi mjukuu wako,
Kazija binti Shaame