Sehemu ya Mwisho Bado Haijatazamwa

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka katika chumba hiki chenye vumbi la vitambaa. Hujambo? Mgongo umepoa? Ulisema zamu za wodi ya wazazi zimekuelemea hadi unasinzia umesimama. Tafadhali ule vizuri, na ulale kitandani kama watu wengine. Sisi tu wazima. Mama ni mzima kutushinda sote. Cherehani yake imeharibika mara mbili mwezi huu, yeye hata mafua hajapata.

Sasa niache niseme, maana nimejizuia mpaka basi. Msimu wa sita wa tamthilia yetu "Wenye Nyumba" uliisha wiki tatu zilizopita, na mtaa bado haujatulia. Uliniomba nikueleze watu walivyoupokea bila kukusimulia kilichotokea. Umenipa kazi ngumu wewe, lakini nitajaribu.

Unakumbuka kila Jumapili alasiri tunavyobanana humu chumbani mbele ya televisheni ya Mama. Siku ya sehemu ya mwisho msusi wa mlango wa pili alikuja na mteja wake, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Yule mzimu wa bi harusi alipotokea tu, msusi akarusha kitana, kikaangukia pasi. Akashindwa kuendelea kusuka. Mteja alirudi kwake na nusu kichwa vilevile, wala hakulalamika, maana naye alikuwa analia.

Mzee wa Posta ndiye kanichekesha kuliko wote. Misimu sita mstaafu huyu ametuambia hakuna mizimu, ule ni unga tu wamejipaka usoni. Tangu Jumapili ile hapandi ngazi za nyumbani kwake bila kukohoa kwanza, ili aliyeko juu ajue anakuja.

Kwenye kundi la simu la mashabiki ndiyo usiseme. Kuna upande wa Bi Harusi na upande wa wenye nyumba, na hakuna anayesalimia upande wa pili. Fundi vioo aliandika kwamba Bi Harusi ni mwongo tangu msimu wa kwanza. Mkewe akasoma. Siku nne nzima alinyweshwa chai isiyo na sukari, mpaka akasimama mbele ya televisheni iliyozimwa na kumwomba mzimu msamaha. Mkewe hakutaka aombwe yeye.

Nami nikiri: nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ni msimu mzuri kuliko yote, Dada. Natamani nikuambie kwa nini, naung'ata ulimi.

Sasa nije kwa Mama. Yule aliyegombana na msimu wa kwanza kwa sababu gauni la Bi Harusi limeshonwa ovyo, yule asiyekosa hata marudio, siku ya mwisho alichukua kiti chake akakitoa nje. Akasema hatazami. Nikadhani anaumwa. Akaziba masikio kwa pamba, akakaa barazani akipinda suruali za watu huku sisi ndani tunapiga mayowe.

Kisha akaweka sheria: atakayesimulia mwisho mbele yake atashona vifungo ishirini. Msusi alishona arobaini. Ile sehemu ya mwisho Mzee wa Posta ametuwekea kwenye flashi, na Mama ameificha ndani ya kopo la bobini za uzi, chini kabisa.

Hakusema kwa nini, lakini mimi si mtoto. Msimu wa kwanza mliutazama wewe na yeye tu, ulipovunjika mguu, mkifunikwa shuka moja. Najua pia mlivyoachana. Ulikuja kuaga uende kwenye kazi yako ya ukunga, naye akaendelea kukata kitambaa bila kuinua kichwa, kwa sababu alitaka mkasi ule uurithi wewe. Miaka miwili sasa mnatumiana salamu kupitia kwangu kama vile mimi ndiye posta. Na katika barua yako ya mwisho umeandika kwamba likizo hii nayo huji, kwa kuwa Mama hana haja nawe.

Basi sikiliza kosa nililofanya. Wiki iliyopita shabiki mmoja aliagiza gauni kama la Bi Harusi, lile la sehemu ya mwisho. Nikalishona nyuma ya pazia, kimyakimya. Lakini mkono wa kushoto wa gauni ukanigomea, nami kila mkono ukinigomea tangu utotoni nampa Mama. Nikampa, bila kufikiri. Sote tulikuwa tumelinda masikio yake, tukasahau kwamba fundi husoma kwa vidole.

Aliupitisha ule mshono mkononi polepole. Akafika mahali fulani, siwezi kukuambia wapi, akasimama. Akaelewa yote, Dada. Niliona machozi yamemlenga. Akaumaliza mkono ule vizuri kuliko ningeweza mimi, akakata uzi kwa meno, akaniambia:

"Dada yako asijue kwamba najua. Akija, nitashtuka naye."

Akija, alisema. Hakusema akitaka, wala kama atakuja.

Kuniambia siri ni kuitangaza, hilo mnalijua wote. Nimekuambia kwa sababu Mama hatakuandikia "njoo", hata umshikie kalamu. Kutotazama ndiyo barua yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nawe mkunga hukosi kuuona kila siku kwa wanawake wenzako.

Shangazi anakusalimu, na Mjomba pia, ambaye bado anauliza kama huko uliko kuna televisheni. Msusi anasema kichwa chako ni zamu yake, atakimaliza chote. Mungu akupe zamu nyepesi, na watoto wanaozaliwa mchana.

Jana nilimkuta Mama peke yake mbele ya kioo cha wateja, anajifunza kushtuka. Hawezi kabisa, Dada. Anainua mikono kwanza, ndipo anakumbuka kutoa macho. Nawe ukija ujifanye hujaona. Mmoja ajifanye hajui mwisho, mwingine ajifanye hajui kwamba mwenzake anajua, bora mkae shuka moja.

Niandikie tarehe tu. Kiti chako nimeshakipangusa.

Wako akupendaye,
Mdogo wako asiyeweza kushona mkono wa kushoto